Barabara Nayo Ni Mahali pa Kazi: Tuwaandikie Wabunge



Kila jioni kengele ya zamu inapolia, mashine huzimwa, mnyapara hukagua karakana, na hesabu ya siku hufungwa. Kama hakuna aliyekatwa kidole wala aliyeunguzwa na mvuke, husemwa kwamba siku imepita salama. Katika viwanda vingine hata kuna ubao langoni unaoandikwa siku zilizopita bila ajali. Lakini ubao huo huishia langoni. Yanayotupata hatua hamsini nje ya lango hayaandikwi popote.

Miaka michache iliyopita, katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi hapa Kigali, mwenzetu wa sehemu ya kufungasha alitoka zamu ya jioni mvua ikinyesha. Ng'ambo ya barabara ndiko basi linakosimama. Hapakuwa na kivuko, taa ya barabarani ilikuwa imekufa tangu miezi, na lori lililokuwa likiteremka mlima halikupunguza mwendo. Alivunjika mguu mara mbili na nyonga. Mama huyo alikuwa kibarua, tena wa miaka minne, na jina lake halikuwamo katika daftari la hifadhi ya jamii. Tulichanga. Kila mmoja alitoa alichoweza, tukapata fedha za wiki tatu za dawa na chakula cha watoto. Baada ya hapo aliishi kwa huruma ya majirani.

Kamati yetu ya tawi iliandika barua. Nakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika. Tuliielekeza kwa "wakubwa wote wanaohusika". Tuliipeleka sehemu mbili, tukapigiwa mihuri ya mapokezi, tukarudi kazini tukingoja. Jibu halikuja. Kwa muda mrefu nililaumu waliopokea barua ile. Leo naona kwamba sisi nasi tulikosea: barua isiyo na mwenyewe hujibiwa na nani? Hatukusema tunataka nini, hatukusema ni sheria gani, na hatukutaja ni nani mwenye uwezo wa kubadilisha jambo lile. Nayaandika haya ili matawi mengine yasirudie kosa letu.

NJIA YA KWENDA KAZINI NI SEHEMU YA KAZI

Tazameni tunavyosafiri. Alfajiri watu hutoka Kimironko, Ndera na Kanombe kwenda viwanda vya Masoro. Wengine hupita Nyabugogo wakibadilisha basi, wengine hupanda pikipiki, na wengi zaidi hutembea ukingoni mwa barabara kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi kila siku inakula mshahara. Wenzetu wa mashamba ya chai katika milima ya Rulindo na Gicumbi hutembea kwenye njia nyembamba zenye kona, upande mmoja mlima, upande wa pili bonde. Rwanda ni nchi ya milima elfu, na kila mlima una mteremko wake. Breki ikishindwa hapo, hakuna pa kukimbilia.

Tarehe 11 Februari 2025 basi la abiria lililotoka Kigali kuelekea Musanze lilitumbukia bondeni huko Rusiga, wilaya ya Rulindo. Watu wasiopungua 16 walikufa na wengine wengi wakaumia. Taifa zima lilisikia. Lakini wale wanaokufa mmoja mmoja, huyu Jumatatu kwenye kona, yule Alhamisi mbele ya soko, hawatangazwi. Msiba wao hubaki nyumbani kwao.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 likieleza kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote. Zaidi ya nusu walikuwa watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Vifo 9 katika kila 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina asilimia 60 hivi tu ya magari yote duniani. Na kwa vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi kuliko barabara. Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuambiwa hao ni akina nani. Ni sisi na watoto wetu.

Kwa hiyo nasema: barabara inayotupeleka kazini ni mahali pa kazi. Hata taratibu za hifadhi ya jamii za nchi yetu zinakubali hivyo, maana ajali inayompata mfanyakazi aliyeandikishwa akiwa njiani kati ya nyumbani na kazini huhesabiwa kuwa ajali ya kazi. Mwajiri hulipa mchango wa asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya hatari za kazini. Ikiwa sheria yenyewe inaiona njia kuwa sehemu ya kazi, chama cha wafanyakazi kitafumbaje macho?

TUSEME KWELI: KAZI IMEFANYIKA

Yafaa tuwe waadilifu. Rwanda haikukaa kimya juu ya jambo hili, na wageni wakija Kigali hushangaa kuona abiria wa pikipiki naye amevaa kofia ngumu kama dereva. Hilo halikuja lenyewe. Lilitokana na sheria, na sheria hiyo ikasimamiwa. Mwaka 2015 ilitoka amri ya Rais iliyotaka magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilometa 60 kwa saa. Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani "fika kwa amani", ikaingia makanisani, misikitini, mashuleni na kwenye vituo vya mabasi. Kamera za kupima mwendo zimewekwa barabarani.

Haya yote ni mema na tunayaunga mkono. Lakini sikilizeni jambo moja. Mwishoni mwa mwaka 2021 wenye magari walilalamika sana kuhusu kamera na kuhusu vibao vya kilometa 40 kwa saa. Walisema mwendo ule ni mdogo mno na faini ni kubwa. Malalamiko yao yalifika juu upesi, na mamlaka zikaahidi kuvipitia upya viwango na vibao. Sisemi walikosea kulalamika. Kibao kilichofichwa nyuma ya mti hakimtendei dereva haki. Ninachouliza ni hiki: katika mjadala ule wote, sauti ya anayevuka barabara kwa miguu ilisikika wapi? Mwenye gari alisema anachelewa. Mwenye miguu hakusema chochote, kwa sababu hakuna aliyemkusanya na mwenzake wakasema pamoja.

Na wataalamu wameshapima. Mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Tofauti ya kilometa 10 kwa saa, ambayo kwa dereva ni dakika chache za safari, kwa mtembea kwa miguu ni tofauti ya kuamka na kutoamka. Sasa kama wanaotaka mwendo uongezwe wanasikika na wanaotaka upunguzwe hawasikiki, kibao kitafuata upande gani?

SHERIA HUTENGENEZWA WAPI?

Hapa ndipo barua yetu ya zamani ilipopotea, na ndipo nataka tuelewane vizuri.

Kwa muda mrefu usalama wa barabarani wa Rwanda umesimama juu ya sheria ya tarehe 17 Septemba 1987 na amri ya Rais ya tarehe 2 Desemba 2002. Sheria hutoa msingi, na amri huingia katika mambo madogo madogo ya kila siku: alama, mwendo, vifaa vya gari. Sheria hupitishwa na Bunge. Amri hazipigiwi kura na wabunge, hutoka serikalini. Basi mfanyakazi anayetaka mabadiliko ana milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni Bunge, pale Kimihurura. Wa pili ni wizara inayoshughulika na miundombinu na uchukuzi. Ukibisha mmoja tu, utaambiwa jambo lako liko kwa mwingine.

Jambo la pili. Wenzetu wa Kenya na Tanzania kila mmoja ana mbunge wa jimbo lake, anaweza kumngoja siku anapokuja kijijini na kumuuliza. Sisi mpangilio wetu ni mwingine. Bunge letu la chini, Umutwe w'Abadepite, lina wabunge 80. Kati yao 53 huchaguliwa kwa orodha za vyama na za wagombea binafsi kwa nchi nzima, 24 ni wanawake wanaochaguliwa kwa mikoa na Jiji la Kigali, 2 ni wa vijana na 1 ni wa watu wenye ulemavu. Wengi wetu tukisikia hivyo husema, "Basi mimi sina mbunge." Mimi nasema kinyume: unao 80. Wote wamechaguliwa kuwawakilisha Wanyarwanda wote, na hakuna hata mmoja anayeweza kukuambia kwamba hutoki katika jimbo lake.

Katiba inampa kila mbunge, pamoja na serikali, haki ya kuanzisha sheria na kupendekeza marekebisho. Mbunge anaweza pia kumuuliza waziri swali, na Bunge linaweza kumwita aje ajibu. Mbunge wa watu wenye ulemavu anajua ni wangapi kati ya watu wake walizaliwa wazima wakavunjwa na magari. Wabunge wanawake waliochaguliwa Kigali wanajua wanawake wanavuka vipi barabara usiku baada ya zamu, au kama hawajui, sisi ndio wa kuwaeleza. Tangu mwaka 2017 Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya nchi hii pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Asiyeweza kuandika kwa lugha moja ataandika kwa nyingine. Kisingizio cha lugha hakipo.

WENGINE WALIVYOFANYA

Mwaka 1971 huko Uholanzi watu wapatao 3,300 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi mmoja wa magazeti, Vic Langenhoff, aliyepoteza binti yake, aliandika mwaka 1972 makala kali akiita vifo vile mauaji ya watoto. Wazazi wakakusanyika. Walikaa barabarani magari yasipite, walifunga mitaa watoto wacheze, walikwenda kwa wanasiasa na madai yaliyoandikwa. Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini mitaa ya makazi ilipunguziwa mwendo kwa sheria, baiskeli zikapewa njia zake, na katika miaka hii ya 2020 nchi ile, yenye magari mengi kuliko wakati ule, hupoteza chini ya watu 800 kwa mwaka. Kila anayeisifu Uholanzi kwa baiskeli zake akumbuke kwamba zilianza na wazazi waliokataa kunyamaza.

Hapa jirani, Kenya, mwaka 2008 watafiti walibandika ndani ya matatu za safari ndefu karatasi zilizowahimiza abiria wamkemee dereva akienda ovyo. Karatasi tu, hazikuwa na askari wala faini. Matatu zilizokuwa nazo zilipungukiwa na madai ya bima kwa nusu au zaidi. Maana yake abiria anapojua kuwa ana haki ya kusema, na dereva anajua abiria wote watasema, mwendo hushuka.

Tanzania, Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, pamoja na asasi nyingine, wamekuwa wakiwaendea wabunge ili Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 irekebishwe. Hawakwenda na malalamiko ya jumla. Walichagua mambo matano: mwendo, ulevi, mikanda, kofia ngumu na viti vya watoto ndani ya gari. Hapa kwetu pia zipo asasi kama Healthy People Rwanda zinazozungumza na watunga sheria juu ya usalama barabarani. Madaktari na wanasheria wanasema. Sisi tunaovunjwa ndio tuliokaa nyuma, tukiwaachia wengine watusemee.

Lakini nikumbushe kitu kuhusu zile karatasi za Kenya. Abiria wa matatu amelipa nauli, anaweza kukemea na anaweza kushuka. Kibarua aliyepandishwa nyuma ya lori la mwajiri hawezi. Mnyapara ameketi mbele na dereva, na kesho ndiye anayechagua nani apate kazi. Huyo hawezi kulindwa na ujasiri wake peke yake. Yeye anahitaji sheria.

TUDAI NINI?

Orodha ndefu haisomwi. Napendekeza mambo manne tu, na matawi yayajadili, yayakosoe.

La kwanza, mwendo mbele ya malango ya viwanda, masoko, shule na vituo vya mabasi uwe mdogo, kilometa 30 kwa saa, na kibao kisiwe peke yake. Kiwe na tuta, kivuko kilichopakwa rangi inayoonekana, na taa inayowaka usiku. Mwekezaji anapopewa kibali cha kujenga kiwanda cha watu mia tano, aulizwe maji yatatoka wapi, umeme utatoka wapi, na watu mia tano hao watavuka wapi.

La pili, mfanyakazi asibebwe kama mzigo. Mwajiri anayesafirisha watu awape gari lenye viti na mikanda, lililokaguliwa. Kila kilicho kwenye karatasi juu ya jambo hili kionekane barabarani, hata kwenye njia za shambani ambako askari hafiki.

La tatu, saa za dereva. Dereva wa lori naye ni mfanyakazi mwenzetu, na mara nyingi tunamlaani yeye tu wakati aliyemkimbiza amelala nyumbani. Analipwa kwa safari. Akilala hapati, akisimama kula anapoteza. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 153 wa mwaka 1979 unaeleza kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku, wala saa 48 kwa juma. Mwaka 2019 shirika hilohilo lilitoa miongozo kuhusu kazi ya staha na usalama wa barabarani katika uchukuzi, ikifunganisha malipo mabaya na ajali. Wabunge wetu waulizwe: hesabu hizi za saa zinalindwaje hapa kwetu, na nani hukagua daftari la dereva?

La nne, kibarua aandikishwe. Haki ya fidia ya ajali ya njiani haina faida kwa mtu ambaye jina lake halimo. Mwenzetu wa sehemu ya kufungasha alinyimwa na daftari kabla hajagongwa na lori. Tena wengi hawajui kwamba upo Mfuko Maalumu wa Dhamana unaoweza kuwalipa walioumizwa na gari lililokimbia bila kujulikana au lisilo na bima. Sheria ipo, mfuko upo, lakini aliyelala wodini haambiwi. Tudai hospitali na polisi wawe na wajibu wa kumweleza majeruhi haki zake.

MAJIBU KWA WANAOSITA

Nimekwisha kusikia maneno mengi katika mikutano. Wako wanaosema ajali ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuweka lori lisilo na breki mlimani, na hakuzima taa ya barabarani. Ajali ikitokea mahali palepale mara nne, hiyo ni kazi ya mikono ya watu, na mikono ya watu inaweza kuirekebisha.

Wako wanaosema kosa ni letu, tunavuka ovyo, waendesha pikipiki wanabeba mizigo hatari, na wengine huendesha wakiwa wamelewa. Hilo lina ukweli na tusilikwepe. Ninawajua wenzetu wanaoivua kofia ngumu wakishavuka kona ya polisi. Ninawajua walioziharibu vidhibiti mwendo, kisha wakajisifu. Chama kikidai haki bila kukemea makosa ya watu wake, mbunge atatucheka, na atakuwa na sababu. Basi kila tawi lianze na watu wake. Lakini mtu anayevuka mahali pasipo na kivuko hakuchagua kutokutumia kivuko. Hakukuwa na cha kutumia.

Wako pia wanaosema tutaonekana wakorofi. Ndugu zangu, kumwandikia mbunge si fujo. Ni kazi ambayo Katiba imemwajiri aifanye. Anayeandika kwa adabu, kwa ushahidi, kwa jina la chama chake, hafanyi siasa ya chini kwa chini. Anafanya jambo la wazi mchana kweupe. Anayestahili kuogopa ni yule ambaye ushahidi unamhusu.

TUANZE HIVI

Kwanza, kila tawi linunue daftari moja la kawaida la shule. Kila ajali ya mfanyakazi iandikwe humo: tarehe, saa, mahali hasa, hali ya hewa, kulikuwa na taa au giza, chombo cha aina gani, aliyeumia alikuwa akifanya nini, alilazwa siku ngapi, alilipwa au hakulipwa. Msiandike mliyosikia, andikeni mliyoyaona au yaliyothibitishwa. Baada ya miezi sita daftari hilo litakuwa na nguvu kuliko hotuba mia. Barua yangu ya zamani ilikuwa na hasira nyingi na haikuwa na hata tarehe tatu.

Pili, jambo lianzie mahali linapoweza kumalizika. Taa iliyokufa haihitaji Bunge. Ipelekwe kwenye mkutano wa wananchi wa kijiji, umudugudu wenu, na baada ya umuganda wa mwisho wa mwezi viongozi wakiwapo, isemwe mbele ya watu wote. Ikishindikana, iende kata, kisha wilaya. Andikeni kila mlipopita na mlivyojibiwa. Mkifika kwa mbunge mkiwa na historia hiyo, hatawarudisha mlikotoka.

Tatu, barua ya Bunge iwe fupi, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ueleze yaliyomo katika daftari. Wa pili utaje madai, na kila dai lielezwe kama ni la sheria, la amri, la bajeti au la utekelezaji. Ielekezwe kwa Spika, na nakala ziende kwa kamati ya masuala ya jamii na kwa wizara. Itiwe saini za watu kwa majina na kazi zao. Mwisho wake iombe tarehe ya kujibiwa, na iombe wabunge waje wasimame langoni nasi saa ya kutoka zamu. Dakika kumi za kusimama pale zinatosha.

Nne, kumbukeni majira. Mwaka wa bajeti wa Rwanda huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hujadiliwa bungeni kabla ya hapo. Aliyepeleka ombi la vivuko na taa mwezi wa Agosti amefika shambani mavuno yamekwisha gawanywa. Ombi liwe mezani mwanzoni mwa mwaka. Vilevile kila sheria ya barabarani inapofunguliwa ili irekebishwe, siku hizo ndizo zetu. Ikishafungwa, huenda tukangoja miaka thelathini mingine.

Tano, twende pamoja. Chama cha madereva, waendesha pikipiki, wafanyakazi wa chai, wa viwandani, wauguzi wanaowapokea majeruhi: barua moja yenye mihuri mitano ina uzito kuliko barua tano zenye muhuri mmoja mmoja. Madereva wasiogope kwamba tunakwenda kuwashitaki. Dai letu la tatu ni lao.

Mama yule wa sehemu ya kufungasha bado anatembea kwa fimbo. Siku moja nilimpitia nyumbani nikamweleza kwamba nataka kuandika tena. Aliniuliza, "Safari hii mtamwandikia nani?" Sikuwa na jibu lililonyooka siku ile. Leo ninalo, na nimeliandika hapo juu.

Kamba hukatikia pembamba, na katika barabara zetu pembamba ni mtembea kwa miguu. Tuiongezee nyuzi. Katika mkutano wa tawi unaofuata, katibu aweke jambo hili katika ajenda, daftari linunuliwe, na mtu mmoja ateuliwe kuliandika. Umoja wetu una nguvu unapokuwa na kalamu mkononi.

Wenu katika kazi,
Mwanachama wa tawi, Kigali